Fezi kwenye miksi ya sterio: jinsi ya kuisikia, kuipima na kuirekebisha

Miksi inasikika pana na nene kwenye hedifoni. Ukiicheza kwenye spika moja ya simu, gitaa linapotea, besi inakonda na waitikiaji wanazama. Usikimbilie ikwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha au kushusha masafa fulani ya sauti (besi, kati au trebo). Hakuna masafa utakayoyaongeza yakarudi, kwa sababu hayajapungua kwenye chaneli yoyote: kushoto yapo, kulia yapo, ila yakikutana yanafutana. Hilo ni suala la fezi, na lina utaratibu wake wa kulitatua.

Kabla ya utaratibu wenyewe, shika jambo moja. Fezi si sifa ya traki moja, yaani mrekodi mmoja ndani ya miksi. Traki ikiwa peke yake haina fezi nzuri wala mbaya. Fezi ni uhusiano wa mawimbi mawili yanayolia kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kuitafuta kwa kubonyeza solo kwenye traki moja moja ni kupoteza muda. Karibu kila hatua hapa chini inafanywa traki mbili au zaidi zikilia pamoja, na nyingi zinafanywa kwa mono, yaani chaneli ya kushoto na ya kulia zikijumlishwa kuwa moja.

Polariti ni kitu kimoja, muda ni kingine

Kitufe chenye alama ya Ø kwenye mikseta au kwenye programu ya kurekodi kinageuza polariti. Kilele cha wimbi kinakuwa bonde, bonde linakuwa kilele, kwa masafa yote mara moja, na hakuna kinachocheleweshwa. Wengi hukiita kitufe cha fezi, na hakuna ubaya, ilimradi ujue kwamba hakiondoi tatizo la muda. Kinalihamisha tu kutoka masafa haya kwenda yale.

Muda ndio unaoleta tofauti ya fezi inayobadilika kulingana na masafa. Chukua sauti ileile, ichezwe mara mbili, nakala ya pili ikichelewa milisekunde 1. Kwenye 100 Hz mzunguko mmoja wa wimbi unachukua milisekunde 10, kwa hiyo kuchelewa huko ni sehemu ya kumi ya mzunguko, yaani digrii 36, hutasikia hasara. Kwenye 500 Hz mzunguko ni milisekunde 2, nakala inafika nusu mzunguko baadaye, digrii 180, na mawimbi yanafutana. Kwenye 1000 Hz nakala imechelewa mzunguko mzima na mawimbi yamekutana tena. Kisha 1500 Hz yanafutana, 2000 Hz yanakutana, na kuendelea hivyo hadi juu. Ukichora matokeo utaona mashimo yaliyopangana kama meno ya kitana, na sikio linayasikia kama sauti yenye bati, au inayotoka kwenye bomba.

Kanuni ya kutafuta shimo la kwanza ni rahisi: gawanya 500 kwa idadi ya milisekunde. Milisekunde 3 zinatoa shimo la kwanza kwenye 167 Hz hivi, linalofuata kwenye 500 Hz. Milisekunde 0.5 zinatoa la kwanza kwenye 1000 Hz.

Hesabu nyingine inayofaa kukaa kichwani ni ya nguvu. Sauti mbili zinazofanana kabisa zikikutana kwa digrii 0 unapata nyongeza ya dB 6 (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti). Kwa digrii 90 ni dB 3. Kwa digrii 120 hupati kitu, ni sawa na kuwa na moja tu. Kuanzia hapo hadi digrii 180 maiki mbili zinakupa sauti ndogo kuliko maiki moja.

Tofauti ya nguvu nayo inaamua ukali wa tatizo. Nakala ya pili ikiwa chini kwa dB 10, vilima vinapanda dB 2.4 na mashimo yanashuka dB 3.3: inasikika, lakini inavumilika. Ikiwa chini kwa dB 20, mpando na mshuko wote hauzidi dB 1 kila upande. Kwa hiyo mara nyingine dawa ya fezi ni kushusha tu feida (kitelezi cha sauti) ya maiki inayoleta fujo, bila kusogeza chochote.

Kwanza hakikisha unachosikia ni kweli

Spika zilizofungwa nyaya kinyume zitakudanganya kazi nzima. Cheza sauti ya mono yenye besi ya kutosha, kaa katikati ya spika mbili, kisha badilisha waya wa chanya na hasi kwenye spika moja tu. Mpangilio unaokupa besi nyingi zaidi, na sauti iliyokaa imara katikati, ndio sahihi. Spika zenye amplifaya ndani zisizo na nyaya za kubadilisha, geuza Ø kwenye chaneli moja ya kutokea na ulinganishe vilevile, halafu uirudishe.

Hedifoni hazitoshi kwa kazi hii. Kila sikio linasikia chaneli yake tu, mawimbi hayakutani hewani, kwa hiyo kitu kilicho nje ya fezi kabisa bado kinasikika kwa nguvu zake zote. Dalili pekee ni ile hisia ya mgandamizo kichwani, kana kwamba sauti haina mahali pa kukaa. Wapo wanaoipenda hisia hiyo na kudhani ndio upana.

Weka kitufe cha mono mahali unapokifikia bila kutafuta: kwenye kidhibiti cha spika, au plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) ya mwisho kabisa kwenye chaneli ya masta, inakopitia miksi nzima. Kisha sikiliza mono hiyo kwenye spika moja, ya pili ikiwa imezimwa. Mono inayotoka kwenye spika mbili bado inachezewa na chumba: ukisogeza kichwa sentimita chache, umbali wako kwa kila spika unabadilika na trebo inayumba. Utahangaika na tatizo lisilokuwemo kwenye miksi.

Mono si mazoezi ya zamani. Spika nyingi ndogo za bluetooth zina mono, kumbi nyingi zinaendesha spika zake kwa mono, na redio ya FM yenyewe imejengwa juu yake: kituo kinatuma jumla ya kushoto na kulia kama ishara kuu, halafu tofauti ya kushoto na kulia inawekwa kwenye mbebaji wa kHz 38. Redio ya mono inasoma ile jumla peke yake. Chochote kilichomo kwenye tofauti tu, kwa msikilizaji huyo hakijarekodiwa.

Kusoma mita bila kudanganywa

Mita ya uwiano inaonyesha namba kati ya +1 na -1. Kwenye +1 chaneli mbili zinafanana kabisa. Kwenye 0 hazina uhusiano, au sauti iko upande mmoja tu. Kwenye -1 ni kitu kilekile kilichogeuzwa polariti, na mono itakuwa kimya. Miksi yenye afya huzunguka kati ya +0.3 na +1, ikichungulia chini ya 0 kwa kitambo kidogo na kurudi. Ikikaa chini ya 0 kwa sekunde kadhaa, kuna traki ya kutafutwa.

Kinachosahaulika ni kwamba mita hii inafuata nguvu, na nguvu ya miksi nyingi iko kwenye besi. Kiki (dramu kubwa ya mguu) na besi zikiwa katikati, mita itaonyesha +0.8 huku kinanda kizima kikifutika juu ya 1 kHz. Weka kichujio kabla ya mita na uisome mara tatu: chini ya 150 Hz, kati ya 150 Hz na 2 kHz, kisha juu ya hapo. Chini inapaswa kukaa karibu na +1. Katikati na juu iache icheze.

Vektaskopu inaonyesha jambo lilelile kwa picha. Mstari wima ni mono, mstari wa kulala ni polariti kinyume, wingu lililosimama ni sterio ya kawaida, wingu lililolala ni onyo.

Hatua ya 1: polariti ya jozi za maiki

Anza na vyombo vilivyorekodiwa kwa maiki zaidi ya moja, na kwa kawaida hiyo ina maana ya kuanza na dramu. Mpigo unaiteremsha ngozi ya juu ya snea, dramu ndogo yenye waya chini: ngozi inaikimbia maiki ya juu na kuijia maiki ya chini. Ishara zao zinatoka kinyume, kwa hiyo maiki ya chini karibu kila mara inahitaji Ø.

Usibonyeze kwa mazoea tu. Fanya hivi:

1. Peleka pani (kidhibiti cha kushoto na kulia) za traki zote mbili katikati, washa mono.
2. Sawazisha nguvu zao hadi zisikike karibu sawa. Tofauti kubwa ya nguvu inaficha kila kitu.
3. Bonyeza na uachie Ø kwenye moja, huku ukisikiliza eneo la 150 hadi 250 Hz, ambako mwili wa snea hukaa. Usisikilize mlio wa waya za chini. Huo hubadilika kidogo sana.
4. Chagua nafasi yenye mwili zaidi. Ikiwa huoni tofauti yoyote, suala si polariti bali ni muda, nenda hatua ya 2.
5. Rudisha feida na pani mahali pake.

Rudia kwa kiki ya ndani na ya nje, kisha kwa gitaa lililorekodiwa mbele na nyuma ya spika yenye mgongo wazi. Halafu, na hapa wengi husahau, linganisha kundi zima la maiki za karibu na maiki za juu za dramu, zile zinazowekwa juu ya seti nzima. Unaweza kuwa na snea mbili zinazopatana vizuri huku zote mbili zikipigana na maiki za juu, ambazo ndizo zilizobeba picha ya sterio. Zile za juu ndizo kigezo. Wengine wote wanazifuata.

Hatua ya 2: muda

Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi. Kwa kazi ya studio kumbuka hivi: sentimita 34 ni milisekunde 1. Kwenye kiwango cha kurekodi cha 48 kHz, yaani sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde na kila kipimo kikiitwa sampuli, milisekunde 1 ni sampuli 48, na sampuli moja ni kama milimita 7 za hewa.

Tuseme maiki ya snea iko karibu kabisa na ngozi, na maiki za juu ziko mbali zaidi kwa sentimita 103. Sauti inazifikia milisekunde 3 baadaye, sampuli 144. Shimo la kwanza likiwa 167 Hz, limeangukia palepale mwili wa snea ulipo. Ukikuza picha ya wimbi utaona mwanzo wa mpigo kwenye traki ya snea, halafu mwanzo huohuo ukiwa mbele kidogo kwenye maiki za juu. Pima umbali kati ya miinuko ya kwanza, siyo kati ya vilele vikubwa: kilele kikubwa kinaweza kuwa cha mzunguko wa pili au wa tatu, na ukikifuata utasogeza traki mahali ambapo picha inapendeza na sauti ni mbovu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuchelewesha maiki ya karibu kwa sampuli 144 ili ikutane na maiki za juu. Ya pili ni kuzivuta maiki za juu nyuma. Chelewesha ya karibu. Ukivuta maiki za juu ili zilingane na snea, zitaharibika kwa tomu na kiki, ambazo umbali wao ni mwingine.

Na huna wajibu wa kusawazisha kila kitu. Maiki za chumba zilizo mita 4 mbali zinafika kama milisekunde 12 baadaye, na kuchelewa huko ndiko kunakoleta hisia ya chumba kikubwa. Ukizibana hadi mwanzo wa mpigo, dramu zinakuwa kubwa kwa sekunde chache za kwanza za kusikiliza, halafu unagundua kina kimeondoka. Maiki za chumba jaribu Ø peke yake, chagua, endelea.

Plagini zinazopanga muda zenyewe zinafanya kazi nzuri kwenye jozi rahisi, lakini kwa noti ndefu za besi zinaweza kushika mzunguko usio wake na kukusogezea traki kwa milisekunde 10 bila sababu. Umbali wa maiki unaujua au unaweza kuukisia. Plagini ikitoa namba isiyolingana na umbali huo, ikatae.

Bado hujarekodi? Basi nusu ya hatua hii unaweza kuimaliza kwa kamba. Shika kamba katikati ya snea, ipeleke hadi maiki ya juu ya kushoto, kisha kwa urefu uleule hadi ya kulia. Snea itakaa katikati ya picha na kufika kwa wakati mmoja pande zote mbili. Kwa vyombo viwili vinavyorekodiwa chumba kimoja, maiki ya chombo cha pili iwe mbali na chombo cha kwanza angalau mara tatu ya umbali wa chombo hicho na maiki yake: hiyo inashusha uvujaji kwa takriban dB 9.5, na tumeona juu jinsi tofauti ya namna hiyo inavyopunguza mashimo. Ukitaka sterio isiyopoteza kitu kwa mono, tumia jozi ya XY, vichwa vya maiki vikiwa sehemu moja, kwa sababu hakuna tofauti ya muda. Jozi ya ORTF, sentimita 17 na pembe ya digrii 110, inatoa upana mzuri zaidi kwa gharama ndogo kwenye mono. Jozi iliyoachana mita nzima inavutia kwenye spika mbili, na ndiyo inayolipa zaidi kwenye moja.

Hatua ya 3: besi

Gitaa la besi lililorekodiwa kwa waya moja kwa moja na kwa maiki kwenye spika ni jozi yenye matatizo ya kudumu. Maiki ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye spika, inachelewa milisekunde 0.87, kama sampuli 42. Shimo liko karibu na 570 Hz, eneo la vidole na mlio wa nyuzi. Besi yenyewe ya chini inabaki, kwa hiyo watu husema besi haisikiki, wanaongeza 80 Hz, na kinachosikika kinazidi kuwa matope. Chelewesha traki ya waya kwa sampuli 42, kisha jaribu Ø, kisha sogeza sampuli chache mbele na nyuma ukisikiliza kwa mono.

Ikitokea mwanzo wa noti umekaa vizuri lakini sehemu ya chini bado nyembamba, tatizo limebaki kwenye fezi ya spika au kichujio, siyo muda. Hapo ndipo plagini ya kuzungusha fezi, ile inayobadilisha pembe bila kubadilisha nguvu za masafa, ina kazi. Izungushe taratibu huku traki mbili zikilia na usimame penye uzito mkubwa.

Besi ya sintesaiza ni habari nyingine. Milio mingi iliyotengenezwa tayari ina korasi (athari ya kuzidisha sauti kwa nakala zinazoyumba) au sauti kadhaa zilizotawanywa kushoto na kulia hadi chini kabisa. Gawanya traki kuwa kati na pembeni, yaani jumla na tofauti ya chaneli mbili, kisha weka kichujio cha kukata besi kwenye pembeni peke yake kati ya 100 na 150 Hz. Mteremko wa dB 6 au 12 kwa oktava unatosha. Kichujio kikali kinazungusha fezi ya pembeni dhidi ya kati karibu na pale kinapokata, na utaona picha ya sterio ikiyumba kwenye 200 Hz. Kwa kazi itakayochongwa kwenye santuri hatua hii si hiari: tofauti ya kushoto na kulia ndiyo inayopandisha na kushusha sindano, na besi nzito iliyo kinyume inaweza kuirusha nje ya mfereji.

Hatua ya 4: upana bandia

Hapa ndipo miksi nyingi za nyumbani zinapoumia. Ujanja unaojulikana ni kunakili traki, nakala moja kushoto, nyingine kulia ikiwa imecheleweshwa milisekunde 10 hadi 30. Kwenye spika mbili ni pana papo hapo. Kwa mono, milisekunde 15 zinatoboa mashimo kwenye 33 Hz, 100 Hz, 167 Hz na kila baada ya 67 Hz hadi juu, na kwa kuwa nakala zina nguvu sawa, mashimo ni ya kufuta kabisa.

Badala yake, ikiwezekana, mwimbaji au mpiga gitaa arekodi mara mbili. Mirekodi miwili ya kweli haifanani kiasi cha kufutana, inajumlishwa tu. Ikiwa una mrekodi mmoja, tumia njia hii:

1. Traki ya asili iweke katikati, usiiguse.
2. Tengeneza nakala, icheleweshe milisekunde 12, ikate besi chini ya 300 Hz, ishushe dB 8 chini ya asili.
3. Peleka nakala hiyo kushoto kabisa.
4. Nakili nakala hiyo, ipeleke kulia kabisa, geuza Ø yake.
5. Washa mono. Nakala mbili zinafutana zenyewe na traki ya asili inabaki kama ilivyokuwa.

Kila upande ukiwa peke yake una meno ya kitana, lakini mashimo ya kushoto ni vilima vya kulia, na sikio linasoma tofauti hiyo kama upana. Mono haipotezi chochote isipokuwa upana wenyewe. Usiitumie kwenye kitu kinachobeba wimbo. Inafaa kinanda cha nyuma, waitikiaji, gitaa la mdundo.

Plagini za kupanua nazo zijaribiwe kwa namna hiyohiyo. Ikiwa plagini inaongeza pembeni tu, mono haipungui, lakini uwiano wa sauti kati ya mono na sterio unaachana. Ikiwa inachezea muda au polariti ya chombo chenyewe, mono itakuambia ndani ya sekunde mbili.

Hatua ya 5: njia sambamba na plagini

Nakala ya dramu inayobanwa kwa kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) na kurudishwa chini ya dramu asili ni salama, hadi mtu aweke kichujio kwenye nakala. Kichujio cha kawaida cha kukata besi chenye mteremko wa dB 24 kwa oktava kinageuza fezi digrii 180 pale pale kinapokata. Kikiwekwa 100 Hz na nakala ikachanganywa na asili kwa nguvu sawa, unapata shimo la zaidi ya dB 10 kwenye 100 Hz. Ulitaka kusafisha nakala, umeichimba kiki. Punguza besi kwenye nakala kwa mteremko laini, au tumia ikwalaiza ya fezi mstari, isiyozungusha fezi. Hiyo ya mwisho inachelewesha ishara na inaweza kuleta mlio mwembamba unaotangulia mpigo, kwa hiyo kwenye kiki na snea isikilize kabla ya kuiamini.

Programu nyingi za kurekodi hufidia kuchelewa kwa plagini zenyewe, lakini ufidiaji unaweza kuzimwa wakati wa kurekodi, au kushindwa kwenye vifaa vya nje vilivyounganishwa kwa nyaya. Jaribio lake ni hili: nakili traki, weka kwenye nakala plagini unayoishuku ikiwa haibadilishi kitu, geuza Ø ya nakala, cheza zote mbili kwa nguvu sawa. Kimya kabisa maana yake muda ni sahihi. Ukisikia trebo nyembamba bila besi, kuna sampuli chache za kuchelewa. Ukisikia sauti kamili iliyokondeana, kuchelewa ni kukubwa, au plagini inabadilisha sauti hata ikiwa imelala.

Hatua ya 6: miksi nzima

Shusha sauti ya spika hadi uweze kuongea juu yake bila kupaza, bonyeza mono, na usikilize nini kimebadilika nafasi. Vitu vilivyo pembeni vitashuka kama dB 3 dhidi ya vilivyo katikati. Hiyo ni hesabu ya kawaida ya kujumlisha, siyo kosa la fezi, na usianze kuitibu. Kinachoshuka zaidi ya hapo, au kinachobadilika rangi na kuwa chembamba, ndicho cha kufuatwa. Kipate kwa kunyamazisha kundi moja moja hadi mita ya uwiano iruke juu, kisha ingia ndani ya kundi hilo.

Baadaye sikiliza kinyume chake: geuza Ø kwenye chaneli ya kulia ya masta huku mono ikiwa imewashwa. Sasa unasikia tofauti peke yake. Mwimbaji mkuu, kiki na besi vinatakiwa kutoweka karibu kabisa, mwangwi na vyombo vya pembeni vibaki. Sauti ya mwimbaji ikibaki kavu na ya karibu, kuna plagini kwenye njia yake inayochelewesha upande mmoja. Rudisha Ø kabla ya kutoa faili. Ukiisahau, miksi yote ya katikati itakufa kwenye mono, na kwenye hedifoni wewe mwenyewe unaweza usigundue.

Ikiwa upande mmoja wa mrekodi wa moja kwa moja uko kinyume mwanzo hadi mwisho, mshuku waya kabla ya miksi. Kwenye kiunganishi cha XLR pini 2 ndiyo chanya, 3 hasi, 1 ardhi. Waya uliochomelewa pini 2 na 3 kwa kubadilishana unageuza polariti bila kelele wala dalili nyingine yoyote. Upime kwa mita ya kawaida ya umeme, pini kwa pini, na ukiukuta hivyo uchomelee upya au uutie alama.